Ofisi Iliyohamia Nyumbani kwa Selestine

Mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ofisi ya Kamrudin ilipakiwa kwenye lori pale Shinyanga mjini, ikakaa katikati ya magunia ya sukari na mapipa ya dizeli, ikaenda kushushwa nyumbani kwa karani wake, Selestine, nje kidogo ya Samuye. Tukisema ofisi, msifikirie meza kubwa na makabati. Ofisi yenyewe ilikuwa simu ya upepo: kisanduku cha chuma, kipaza sauti chenye waya uliojisokota, betri ya gari, na waya mwingine mrefu wa kutundikwa juu kati ya miti miwili. Basi. Vyote hivyo Selestine alivishusha mwenyewe, akaviweka sebuleni juu ya meza waliyokuwa wakilia ugali.

Kazi ya ile simu ilikuwa moja. Kamrudin alikuwa na duka la jumla, na duka hilo ndilo lililoilisha kambi ya watafiti wa dhahabu huko porini upande wa Geita. Asubuhi, mchana na jioni, karani wa kambi aliyeitwa Donatus alipiga na kusoma mahitaji: mchele, vitunguu, dizeli, mifuko ya kuwekea mawe ya sampuli. Selestine aliandika, akampa dereva, lori likaondoka. Miaka yote kazi hiyo aliifanyia dukani, mjini. Aliondoka nyumbani umande haujakauka, akadandia lori lolote lililopita, akarudi jioni kope zimejaa vumbi.

Kwanza Kamrudin alijaribu nusu kwa nusu, siku kadhaa dukani na siku nyingine nyumbani. Mwishowe akaona usumbufu wa nini. Malori yake yote yalipita hapo hapo Samuye yakielekea Tinde, Isaka, Kagongwa, mpaka Geita. Dereva angesimama barabarani, achukue oda, asonge mbele. Na kile chumba cha simu pale dukani mkwe wake, Kausar, alikuwa anakililia siku nyingi aweke cherehani zake.

"Nakupa raha, Selestine bwana," Kamrudin alimwambia. "Utafanya kazi umevaa ndala. Mkeo anakuletea chai mezani. Nani mwingine Shinyanga hii anayo kazi ya namna hiyo?"

Selestine alifurahi, kwa nini asifurahi? Jirani yake Masalu, waliyekua pamoja wakichunga pamoja, ndiye aliyekuja na sururu kuchimba mashimo ya ile miti ya waya. Alichimba huku anacheka.

"Baba Kalisti, angalia sana. Sasa ukigombana na mkeo, wazungu wote wa Geita watasikia."

"Watasikia nini, na wao hawajui Kiswahili?"

"Watajua tu. Ugomvi wa mke hauhitaji mkalimani."

Mkewe Selestine, Paskazia, alicheka mpaka akaweka chini ndoo ya maji. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Mume yuko nyumbani, watoto wanamwona baba yao mchana, paa linalovuja linazibwa. Mwezi wa pili Paskazia akaanza kuona kwamba mtu aliyeletwa nyumbani ni mwingine.

Simu ikiita, nyumba nzima ilikaa kimya. Mtoto asilie, kuku wafukuzwe sebuleni, na kinu kisitwange, kwa sababu mlio wa mchi ulipita ukutani ukaingia kwenye kipaza sauti, Donatus akawa anauliza huko Geita, "Samuye, huko kwenu kuna ngoma? Ova." Kwa hiyo Paskazia akaacha kutwanga, akawa anapeleka nafaka mashineni. Chakula kilihama kutoka mezani kikaenda chini, kwenye mkeka. Selestine alikula sikio likiwa kwenye kile kisanduku. Usiku alizungumza ndotoni, na alichokizungumza kilikuwa mapipa.

"Zamani ulikuwa unaondoka, halafu unarudi," Paskazia alimwambia siku moja. "Siku hizi huondoki na hurudi."

"Si niko hapa?"

"Uko hapo, ndiyo. Kama kile kiti."

Lakini lililoanza kumharibia kwa watu lilikuwa dogo sana, hata mwenyewe hakuliona. Ninyi mnajua salamu za Usukumani. Mtu hapiti kwenye uzio wako wa minyaa akasema neno moja akaondoka. Anasimama. "Mwangaluka," anaulizia umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, mvua imeonekana upande gani. Unamjibu yote, na wewe unamuuliza yote. Sasa Selestine, akiwa na kipaza sauti mkononi, mtu akisimama mlangoni kumwamkia, aliinua kidole kimoja juu. Maana yake ngoja. Mtu alingoja, akaona anasomewa vitunguu, akaondoka na salamu yake mdomoni.

"Kwa Selestine siku hizi unaamkiwa na kidole," bibi mmoja alisema kisimani, na neno likazunguka.

Hapo lazima niwaeleze habari ya sungusungu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichompata huyu mtu. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, wakajiundia ulinzi wao, kila mwanaume na upinde wake, na mkubwa wao wakamwita ntemi. Hapo kwao ntemi alikuwa Mzee Bujiku, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Sheria yao haikuwa ndefu. Mwano ukipigwa, lile yowe la hatari, kila mwanaume aliyeko nyumbani anatoka, na kila kaya inaziba njia iliyo ubavuni mwake. Aliyesafiri hana kosa. Aliyeko mjini kazini hana kosa. Miaka yote ya dukani Selestine alikuwa hana kosa kila mchana, na hakuna aliyemnung'unikia.

Kwa hiyo mkutano wa sungusungu ulipoitishwa kabla ya kiangazi, Selestine alisimama akaomba jambo.

"Ntemi, na wazee wangu, shikamooni. Ninyi mnajua kazi yangu. Naomba zile saa za simu nihesabiwe kama niko kazini. Nisihesabiwe kama niko nyumbani."

"Marahaba," alisema Mzee Bujiku. "Hizo saa unakuwa wapi?"

"Nakuwa sebuleni. Lakini kwa kazi, mzee, ni sawa na kuwa Geita."

Watu waliangua kicheko. Masalu, aliyekaa mbele, alijipiga paja. "Jamani, huyu anakwenda Geita na kurudi, na nauli halipi!"

Ntemi alingoja kicheko kiishe. "Ng'wanawane, mwanangu, miguu yako iko wapi ukiwa Geita?"

"Iko hapa," alisema Selestine.

"Mwizi wa ng'ombe anazuiliwa na miguu. Ukiwa kwako, uko kwako. Kaa."

Akakaa. Alisema moyoni kwamba mwano haupigwi kila siku, na ukipigwa hautaangukia saa ya simu. Na kweli, kiangazi kilikwenda mpaka kikakaribia kwisha, ardhi ikapasuka, ng'ombe wakawa wananyweshwa mbali kwenye lambo na kurudishwa jioni, na lisitokee jambo.

Siku lilipotokea, jua lilikuwa linashuka na Donatus alikuwa anasoma oda ya jioni. Oda ilikuwa ndefu. Mzungu mkubwa wa kambi alikuwa na wageni, na mawasiliano yalikuwa yanakwaruza kwaruza, kila kitu kikawa cha kurudiwa mara mbili. Selestine alikuwa amefika kwenye unga wa ngano aliposikia mwano upande wa lambo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mwanamke. Kisha filimbi. Kisha mwano ukapokelewa nyumba kwa nyumba, kama unavyopokelewa, ukaja unakua kuelekea kwake.

"Samuye, umenipata? Rudia unga. Ova."

Paskazia aliingia mbio kutoka jikoni. "Baba Kalisti! Husikii?"

"Nasikia. Namalizia."

"Unamalizia nini?"

Masalu alipita dirishani akikimbia, upinde mkononi, shati wazi. Alimwona, akasimama. "Selestine! Toka! Wanakuja na njia yako, toka uizibe!"

Na Selestine, kipaza sauti kikiwa mkononi, aliinua kidole.

Hakukusudia. Alikuja kuwaapia watu baadaye kwamba mkono ulikwenda wenyewe, na mimi nadhani alisema kweli. Mkono ukishazoeshwa jambo hauulizi tena. Masalu alikiangalia kile kidole, akakimbilia upande wa ngitili, ile mbuga waliyoitenga kwa malisho. Selestine alisema haraka, "Donatus, subiri, kuna dharura hapa, ova," lakini Donatus hakusikia, alikuwa bado anasoma, na kwenye simu ile huwezi kumwingilia mwenzako mpaka aseme ova. Akangoja amalize. Ilikuwa sukari, chumvi, viberiti, sabuni. Akaandika. Alipotoka nje na rungu lake, njia ya nyuma ya nyumba yake ilikuwa vumbi tupu. Ng'ombe wa watu walikuwa wamepitishwa hapo. Njia nyingine zote zilikuwa na wanaume wanapiga kelele, hii moja ilikuwa kimya, na mwizi naye ana masikio.

Masalu aliwafikia wezi ng'ambo ya ngitili. Aliwafikia peke yake. Wenzake walipomkuta, mshale ulikuwa umemwingia chini ya mbavu. Walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumwahisha hospitali, na kabla hawajafika barabarani alikuwa amekata roho.

Kwenye mkutano Selestine hakukana kitu. Alisimama mbele ya watu walewale, akasema alisikia mwano, aliitwa kwa jina, hakutoka. Alisema atatoa dume la ng'ombe, atatoa hata mawili. Mtu mmoja kutoka nyuma alimuuliza swali ambalo halikuwa swali: "Una mashine inayofikisha sauti mpaka Geita. Kilio cha jirani yako hakikukufikia?"

Mzee Bujiku alizungumza taratibu kuliko siku zote.

"Dume tutalila na litakwisha. Damu ya Masalu ina wenyewe. Mwenye neno sasa ni mdogo wake anayeitwa Sikujua, maana Masalu hakuacha mtoto wa kiume. Siku Sikujua atakapokushika mkono mbele yetu hapa, mkanywa kibuyu kimoja, siku hiyo umerudi. Mpaka hapo, wewe na nyumba yako hamsemeshwi. Hampewi moto, hampokewi mzigo, hamsagiwi. Kisima tunawaachia, hatutaki kuua mtu."

Huyo Sikujua alikuwa wapi? Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Alikuwa ameondoka miaka mingi kufuata dhahabu, akihama na wachimbaji wadogo kutoka machimbo hadi machimbo, upande huo huo wa Geita. Hata kwenye maziko ya kaka yake hakuonekana. Habari haikumfikia.

Mkisikia kutengwa msidhani watu walimpiga mawe. Hakuna aliyemgusa. Watu waliacha tu kumwona. Paskazia alikwenda mashineni na debe lake la mahindi, akaliweka kwenye foleni, na foleni ikasonga mbele ikalipita debe kana kwamba ni jiwe lililokuwa hapo tangu zamani. Alirudi nalo kichwani. Akatoa kinu, akaanza kutwanga, na safari hii Selestine hakuthubutu kumwambia saa ya simu imefika.

"Samuye, ngoma imerudi? Ova," aliuliza Donatus.

"Imerudi," alijibu Selestine.

Mjane wa Masalu, Mariana, alikutana na Paskazia kisimani. Hawa wanawake walizalishana, mmoja alimshika mwenzake mgongo kila uchungu ulipokuja. Paskazia alimwamkia. Mariana alitua ndoo yake, akatazama maji mpaka yakatulia, akateka, akaondoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Ikawa sasa sauti pekee ya mtu wa nje iliyoingia katika nyumba ile ilikuwa ya Donatus. Watoto waliokuwa wakifukuzwa simu ikiita, siku hizi waliikimbilia. Kalisti, mkubwa, aliuliza kama anaweza kuamkia. Selestine alimwekea kipaza sauti mdomoni. "Shikamoo, ova," alisema Kalisti, na kutoka Geita ikaja, "Marahaba, baba, hujambo? Na shule? Ova." Yule mtoto alitabasamu mpaka Paskazia akatoka nje.

Selestine alikwenda mjini kumwomba Kamrudin airudishe simu dukani. Alifikiri miti ile ikitoweka juu ya paa lake pengine mioyo ya watu italainika. Kamrudin alimwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakuelewa.

"Hawakusemeshi? Basi si utafanya kazi vizuri zaidi, hakuna kelele."

"Mzee, nyumba yangu imekufa."

"Pole, bwana, pole kweli. Lakini chumba hakipo tena, tazama mwenyewe." Nyuma yake cherehani za Kausar zilikuwa zinanguruma. "Ofisi ya zamani imekwisha, Selestine. Siku hizi ofisi ni pale ulipo wewe. Ukichoka niambie, nitampa mwingine. Wapo."

Selestine alirudi nyumbani, na simu ikabaki mezani pake. Na tusimlaumu kwa kutoitupa, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo kile kisanduku peke yake kingeweza kulifanya. Jioni ile, oda ilipokwisha, alimwambia Donatus: "Nakuomba kitu kama ndugu. Kuna mtu anaitwa Sikujua, mchimbaji, wa huku kwetu. Niulizie. Ova."

Donatus aliuliza. Aliwauliza wachimbaji waliokuja kambini kuomba maji, akawauliza wanunuzi wa dhahabu, akawauliza mama ntilie. Zikapita wiki, mvua za kwanza zikaanguka, na jioni moja sauti yake ikaja imechangamka. "Samuye, mtu wako nimempata. Kesho asubuhi atakuwa hapa. Ova."

Alfajiri ile Selestine alikwenda kwa Mzee Bujiku. Alisimama nje ya uzio, akaongea na minyaa, maana alijua hatajibiwa. "Ntemi, Sikujua amepatikana. Atasema leo kwenye simu. Naomba uje usikie kwa masikio yako." Akaondoka bila kujua kama kuna aliyemsikia.

Mzee alikuja. Hakuingia ndani; alisimama uani chini ya dirisha, na fimbo yake, na wazee wawili nyuma yake. Paskazia aliwaona, akakaa chini palepale alipokuwa.

Simu ikaita. Kwanza Donatus, kisha sauti nyingine, nzito, isiyojua wakati wa kubonyeza na wakati wa kuachia.

"...mimi Sikujua. Habari ya kaka nimeipata. Nimelia nimemaliza. Nani yupo hapo?"

"Ni mimi, Selestine." Akaeleza yote. Alieleza mwano, alieleza kidole. Kisha akasema, "Ntemi yuko hapa dirishani. Nakuomba, kama una neno, liseme. Ova."

Kukawa na mkwaruzo mrefu.

"Selestine, wewe nimekula kwako toka mdogo. Sina kinyongo. Wezi ndio waliomuua kaka. Ntemi Bujiku, mzee wangu, shikamoo. Mimi nimemsamehe huyu. Mrudisheni."

Paskazia alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Selestine aligeuka dirishani. Mzee Bujiku alikuwa ameinamisha kichwa, na wale wazee wawili walitazamana.

"Ni yeye," alisema mmoja. "Sauti ni ya Sikujua kabisa."

"Ni ya kwake," alikubali ntemi. Hakuwa anazungumza na Selestine; alizungumza na wenzake, kwa sheria yao. "Lakini mtu mwenyewe yuko wapi? Mkono uko wapi wa kushikwa? Kibuyu atakinywaje? Tukipokea sauti leo, kesho kila mmoja ataleta sauti. Mwambieni aje."

Selestine alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Sikujua, wanataka uje. Siku moja tu. Lori la Kamrudin linarudi kesho, panda, nauli hakuna. Ova."

"Nije vipi? Tuko kwenye duara, shimo tumelishusha sana, mwamba umeanza kuonekana. Mwenye kutoka anapoteza fungu lake. Miaka yote hii, Selestine, nimekula vumbi tu, na leo ndiyo ninaona. Tukipasua mwamba nitakuja, na ng'ombe nitakuja nao."

"Lini? Ova."

"Tukipasua."

Wazee walikuwa wameshaondoka. Selestine alisikia fimbo ya ntemi ikigonga ardhi iliyolowa, mpaka isisikike.

Paskazia alingoja mpaka palizi ya kwanza. Hakugombana, hakutupa maneno. Alifunga nguo kwenye kanga, akawavalisha watoto viatu.

"Nawapeleka Kagongwa kwa mama. Huko wataamkiwa."

"Nami je?"

"Wewe ukitaka kuja, njoo. Lakini uje wewe, Baba Kalisti."

Alitaka kwenda naye siku hiyo hiyo. Lakini alifikiri akihamia ugenini bila kurudishwa, ndiyo basi, ametengwa mpaka kaburini, na watoto wake nao hawana kwao. Akafikiri jambo bora ni kumfuata Sikujua alipo, amshike mkono, amlete. Akaiacha simu ikiita. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile aliufunga mlango ikiwa inaita, akapanda lori.

Geita alifika amelowa. Donatus alikuja kumpokea kwenye geti la kambi: mtu mfupi, mzee kuliko sauti yake, ana jicho moja lenye ukungu. Walishikana mikono muda mrefu. Walikaa kwenye benchi. Hawa watu walikuwa wamezungumza kila siku ya Mungu kwa miaka, na sasa kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

"Kalisti hajambo?" aliuliza Donatus mwishowe.

"Yuko Kagongwa."

"Ahaa." Akaokota kijiti, akakivunja. "Mtu wako hayupo, ndugu yangu. Duara lilijaa maji ya mvua. Wenzake wanasema kuna machimbo mapya yamefumuka, kila mtu kakimbilia huko. Wengine wanasema ng'ambo ya ziwa, wengine wanasema Rwamagasa. Nilikupigia juzi nikueleze, na jana. Hukupokea."

Selestine alikwenda mpaka kwenye lile duara. Alikuta shimo limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na shati la mtu juu ya mti. Aliuliza Rwamagasa, hawakumjua. Aliuliza mpaka pesa ya kula ikaisha, kisha akarudi.

Nyumbani alikuta kufuli la mlango limebadilishwa, ufunguo umechomekwa kwenye minyaa. Kamrudin alikuwa ametuma watu wachukue mali yake. Walichukua kisanduku, betri na waya, wakaiacha meza, na hawakuiba kitu. Dereva aliyepita baadaye alimweleza kwamba kazi ile hakupewa mtu mwingine. Kambi imeletewa simu ya setilaiti, sasa mzungu anazungumza na Kamrudin mwenyewe, dukani, bila karani.

Selestine aliitengeneza ile meza mguu, akaiweka sawa katikati ya sebule. Kagongwa hakwenda, maana bado alitaka kurudishwa kwanza; akaanza kulima. Alikuwa nyumbani sasa kutwa nzima, na alisikia kila kitu: mchi wa Mariana, mbuzi, watoto wa watu wakitoka shule. Mara ya kwanza mwano ulipopigwa tena alikuwa wa kwanza kufika kwenye njia yake, akaiziba na rungu mkononi mpaka filimbi ya kumaliza ikalia. Wanaume waliporudi walimpita kushoto na kulia.

Jioni watu walipotoka shambani walipita kando ya uzio wake, majembe mabegani, wakiulizana habari kwa sauti kubwa, wamelimaje, mtama umesimamaje, mgonjwa wa nyumba fulani anaendeleaje. Naye alisimama ndani ya minyaa, mikono imejaa udongo. Walipofika usawa wa nyumba yake walinyamaza. Wakapita. Walipomaliza uzio wakaendelea pale pale walipokuwa wameishia.